Nani Anywe Kwanza? Ugavi wa Oili katika Bloku ya Injini ya Mashindano

Utangulizi

Katika makongamano ya Kiswahili, kauli kwamba lugha hii inajitosheleza kisayansi imekuwa ya kawaida. Kauli hiyo ni ya kweli, ila aghalabu hutetewa kwa orodha za istilahi. Orodha humwonyesha msomaji kwamba kitu kina jina. Haimwelezi kinavyofanya kazi. Makala haya yanafungua boneti ya gari na kushughulikia jambo moja tu, nalo ni namna mifereji ya oili iliyomo ndani ya bloku ya injini inavyobadilishwa ili injini istahimili mwendo mkali wa mashindano. Hoja inayotetewa ni kwamba tatizo lenyewe kimsingi ni la zamu. Oili inaweza kuwa tele ndani ya injini, na shinikizo likawa la kuridhisha kwenye geji, huku sehemu inayoihitaji zaidi ikiwa ya mwisho kuipata.

Kabla ya kuendelea, inafaa msamiati uwekwe wazi. Neno "mafuta" halitatumika hapa kwa kuwa limebeba mengi mno: petroli ni mafuta, samli ni mafuta, na kilainisho cha injini vilevile ni mafuta. Mafundi wa gereji walikwisha kuliona tatizo hilo zamani, wakachagua "oili", na wanaisimu hawana sababu ya kuwasahihisha. Bloku ni lile bonge la chuma lililosubiwa ambamo silinda zimo. Krenki ni mhimili uliopindapinda unaougeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mzunguko. Pistoni huunganishwa nayo kwa konrodi. Kemshafti ni mhimili mwingine, mwembamba zaidi, ambao uvimbe wake husukuma tapeti, na tapeti zikafungua vali. Sampu ni bakuli la oili lililo chini ya yote hayo. Zile sehemu laini za krenki zinazozunguka ndani ya beringi zitaitwa shingo.

Shingo inayoelea

Watu wengi hudhani kwamba oili hupakwa kati ya vyuma viwili ili viteleze, kama vile sabuni inavyopakwa kidoleni ili pete itoke. Katika injini mambo ni tofauti. Krenki inapozunguka, shingo yake huivuta oili na kuiingiza kwenye nafasi nyembamba iliyo kati yake na beringi. Oili hiyo hubanwa kama kabari, na shinikizo ndani ya kabari huwa kubwa mara nyingi kuliko lile linalotolewa na pampu. Shingo basi huinuliwa na kuelea. Injini ikiwa nzima na ikiwa katika mwendo, chuma hakigusi chuma.

Kazi ya pampu, kwa hiyo, si kuibeba krenki. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kabari ile haikosi oili mpya, maana ile ya zamani huvuja pembeni mwa beringi bila kukoma ikiwa imebeba joto. Uvujaji huo ni wa lazima, bali una kiasi chake. Kanuni ya kale ya mafundi husema kwamba nafasi kati ya shingo na beringi iwe sehemu moja kwa elfu ya kipenyo cha shingo. Shingo yenye kipenyo cha milimita 70 hupewa milimita 0.07, karibu na unene wa unywele. Fundi akiipanua nafasi hiyo kwa kudhani kwamba anaipa oili njia pana, hesabu humgeuka, kwa sababu uvujaji hukua kwa kipeo cha tatu cha nafasi. Nafasi ikiongezwa maradufu, oili inayopotea huwa mara nane. Pampu iliyotosha jana haitoshi leo.

Ugavi ukikatika hata kwa muda mfupi, kabari huvunjika, chuma hugusa chuma, na beringi huyeyuka au huzunguka kwenye kikalio chake. Gereji za Kenya zina kitenzi kimoja cha balaa hilo: injini "imenoki". Kitenzi hicho kimetokana na sauti ya konrodi ikigonga shingo baada ya beringi kuliwa, lakini matumizi yamekipanua hadi kikahusisha kifo chenyewe cha injini. Kamusi nyingi bado hazijakiingiza, ilhali hakuna dereva wa matatu asiyekielewa.

Mfereji unaopitia kwa wengine kwanza

Ili kuelewa kinachobadilishwa, yafaa kufuata safari ya oili. Pampu huifyonza kutoka sampuni, huisukuma kwenye filta, kisha huiingiza kwenye mfereji mkuu uliotobolewa ndani ya bloku kutoka mbele hadi nyuma. Kutoka mfereji huo, vijia vidogo huelekea kwenye beringi kuu za krenki, kwenye beringi za kemshafti na kwenye tapeti. Kutoka beringi kuu, oili huingia ndani ya krenki yenyewe kupitia tundu lililochimbwa kwenye shingo, ikasafiri hadi kwenye beringi za konrodi. Beringi za konrodi ndizo zinazobeba mapigo ya pistoni moja kwa moja, nazo ndizo zilizo mwisho wa mkondo.

Mhandisi anayeunda gari la kumpeleka mtu kazini ana uhuru wa kupanga mifereji hiyo kwa namna iliyo rahisi kiwandani. Kutoboa mfereji mmoja unaopita katikati ya matundu ya tapeti kunaokoa kazi, kwa vile mfereji huohuo hulisha tapeti na krenki. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mpango huo hauna lawama. Ikizunguka mara 7,000 kwa muda mrefu, kila tapeti inayopanda na kushuka katika tundu lililolegea huwa mlango wa kuvujia, na milango hiyo yote imetangulia krenki.

Kampuni ya Ford ya Marekani inatoa mifano miwili inayofaa kusomwa pamoja, kwa sababu mmoja ulitatuliwa kiwandani na wa pili ukaachiwa mafundi.

Mfano wa kwanza ni injini yake ya inchi za ujazo 427, yaani takribani lita 7. Bloku za mwanzo ziliipeleka oili kwa kemshafti na mfumo wa vali kwanza, krenki ikafuata. Haitakuwa haki kusema kwamba injini hiyo ilikuwa mbovu. Mwaka 1963 magari ya Ford yalinyakua nafasi 5 za kwanza katika mbio za Daytona 500. Hata hivyo, kadiri nguvu na mizunguko ilivyoongezeka, udhaifu wa zamu ulijitokeza. Mwaka 1965 Ford ilitoa bloku mpya yenye mfereji mkuu uliosubiwa chini, ubavuni upande wa kushoto, ukilisha beringi kuu za krenki kabla ya kitu kingine chochote. Kwa nje bloku hiyo hutambulika kwa uvimbe mrefu unaoambaa ubavuni. Injini za ukoo huo ndizo zilizoyasukuma magari ya GT40 yaliyoshika nafasi 3 za kwanza katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1966. Walioshinda mwaka huo walikuwa Bruce McLaren na Chris Amon. Mwaka uliofuata Dan Gurney na A. J. Foyt wakashinda tena kwa injini ya lita 7. Ushindi una sababu nyingi, lakini injini inayokimbizwa usiku na mchana haivumilii krenki inayokula makombo.

Mfano wa pili una kejeli ndani yake. Injini ya inchi za ujazo 351 iliyopewa jina la Cleveland, mji wa Ohio ilikoundwa, iliingia sokoni kwa magari ya mwaka 1970. Vichwa vyake vya silinda vilikuwa na vali kubwa zilizolazwa kwa pembe, na vilipumua vizuri kuliko vya washindani wake wengi. Mwaka 1971 Allan Moffat aliitumia kushinda Bathurst, Australia, akiendesha Falcon. Injini iliyopumua hivyo ilialikwa kuzunguka kwa kasi. Chini, hata hivyo, mfereji wake mkuu ulipitia kwenye matundu 8 ya tapeti za upande wa kulia. Oili ililazimika kuwapita wanywaji wote hao ndipo ishuke kwenye beringi kuu 5 za krenki, na kutoka hapo sehemu yake ikapanda tena kuilisha kemshafti. Kichwa kilitaka mbio ambazo miguu haikuweza kuzistahimili.

Kinachofanywa na fundi

Fundi anayeishughulikia bloku ya namna hiyo hawezi kuuhamisha mfereji mkuu. Umo ndani ya chuma. Anachoweza ni kuipunguza sehemu inayochukuliwa na wale walio mbele ya foleni. Kazi yenyewe huanza kwa kuzing'oa vizibo vyote vya mifereji na kuisafisha kwa brashi ndefu, kwa sababu chembe za chuma zilizobaki tangu siku ya kusubiwa, au tangu silinda zilipotanuliwa, huweza kuhitimisha hadithi kabla haijaanza.

Hatua yenye manufaa zaidi kwa Cleveland ni kuyatia bushi matundu ya tapeti. Kila tundu hupanuliwa kwa mashine, likatiwa bushi ya shaba nyeusi yenye kitundu kidogo. Tapeti huendelea kupata oili yake kupitia kitundu hicho, lakini mlango wa kuvujia huwa umefungwa. Kazi hii ni ya karakana yenye mashine sahihi na fundi mtulivu. Bushi iliyopinda kidogo tu huigandamiza tapeti.

Njia nyepesi zaidi ni kuweka vizuizi. Vijia vinavyotoka kwenye vikalio vya beringi kuu kuelekea kemshafti huchongwa hesi, kisha hutiwa skrubu fupi zenye tundu la milimita 1.5 hadi 2 hivi. Kemshafti haina haja ya mto wa oili; mzigo wake ni mdogo na huzunguka kwa nusu ya kasi ya krenki. Njia hii ni ya bei ndogo, na pengine ndiyo sababu hutumiwa kupita kiasi. Fundi anayevipunguza vijia vyote, pamoja na vile vinavyopeleka oili juu kwenye vali, husahau kwamba springi za vali hupozwa kwa oili hiyohiyo. Springi inayokosa kupozwa hupoteza nguvu na hatimaye hukatika, vali ikaangukia pistoni. Hapo krenki itakuwa imeshiba vizuri ndani ya injini iliyokufa.

Kuna pia desturi ya kufunga bomba la nje linalochukua oili mbele ya bloku na kuirudisha kwenye mfereji mkuu kwa nyuma, ili beringi za mwisho zipate msaada. Bomba hilo huonekana kwa urahisi na humfurahisha mwenye gari. Faida yake ipo, ila haiondoi chanzo: milango ya tapeti hubaki wazi, na sasa inalishwa kutoka pande mbili.

Baada ya hapo huja kazi ndogondogo zisizo na sifa. Tundu la bloku linaloleta oili kwenye beringi lazima lilingane na tundu la beringi yenyewe. Yakipishana hata kidogo, njia huwa imebanwa pale pale panapotakiwa upana. Kona kali ambamo oili hupinda kutoka pampu kuingia blokuni hulainishwa kwa tupa na msasa. Matundu ya juu yanayorudisha oili sampuni husafishwa na kupanuliwa kiasi, kwa kuwa oili iliyokwama juu ya injini ni sawa na oili isiyokuwamo.

Deni la mzunguko

Ndani ya krenki yenyewe mna kikwazo ambacho hakionekani kwa macho. Baadhi ya krenki za mashindano hutobolewa tundu linalopita katikati ya shingo kuu kutoka upande mmoja hadi wa pili, ili oili iingie wakati wote krenki inapozunguka. Wazo hilo linavutia, lakini lina deni. Oili inayoingia kutoka ukingoni lazima isafiri kuelekea kitovu, na mzunguko unairusha nje. Kwa shingo ya milimita 70 na mizunguko 7,000 kwa dakika, shinikizo linalohitajika ili oili ifike tu katikati ni takribani paundi 40 kwa kila inchi ya mraba. Mizunguko ikiwa 3,500, zinahitajika paundi 10 tu. Deni hukua kwa kipeo cha pili cha kasi; ukifika mizunguko 8,000, paundi 53 hulipwa kabla beringi ya konrodi haijaonja tone.

Kwa kulijua hilo, mafundi wengi wa leo huchagua krenki ambayo tundu lake hutoka ukingoni mwa shingo kuu moja kwa moja hadi kwenye shingo ya konrodi bila kupita kitovuni. Vilevile huchagua beringi kuu zenye mkondo kwenye nusu ya juu pekee. Nusu ya chini ndiyo inayobeba mzigo. Ukiichimba mkondo, unaipunguzia kabari eneo la kusimamia.

Hesabu hiyo pia inaangaza kanuni maarufu ya mashindano isemayo kwamba paundi 10 za shinikizo zahitajika kwa kila mizunguko 1,000. Kanuni hiyo ni ya tajriba, na imewafaa wengi. Inapotosha pale inapofanywa kuwa ibada. Anayeona geji yake iko chini hukimbilia pampu kubwa au huikaza springi ya vali ya kupunguzia shinikizo. Pampu kubwa hula nguvu za injini, huipasha oili joto, huilemea gia inayoiendesha, na huweza kuikausha sampu kwa kuipeleka oili yote juu kabla haijapata kurudi. Zaidi ya hayo, geji husoma shinikizo la mahali ilipofungwa tu. Ikiwa imefungwa karibu na pampu, itaonyesha shibe ya mwanzo wa mkondo, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Beringi ya nne inaweza kuwa inakufa huku dereva akiitazama sindano iliyotulia kwenye paundi 70.

Oili inapolikimbia bomba

Mifereji ikishanyoshwa, bado oili sharti iwepo kwenye mdomo wa bomba la kufyonzea. Gari linapokata kona kwa kasi au kufunga breki kwa nguvu, oili hupanda upande mmoja wa sampu kama chai kwenye kikombe kilichosukumwa. Bomba likifyonza hewa, pampu hupeleka povu, na povu halifanyi kabari. Dawa ya kwanza ni vigawanyi ndani ya sampu vyenye milango ya bawaba inayofunguka upande mmoja: oili huruhusiwa kulijongelea bomba lakini hairuhusiwi kulitoroka. Ya pili ni bamba linalowekwa kati ya krenki na oili, lisiache krenki iichape oili na kuitia povu.

Magari yanayoshindana kwa kiwango cha juu huenda mbali zaidi, yakaacha sampu ikiwa kavu. Pampu kadhaa hufyonza oili na hewa kutoka chini ya krenki na kuzipeleka kwenye tangi refu lililo kando ya injini. Humo povu hutulia, kisha pampu nyingine huirudisha oili safi blokuni. Mfumo huo ni ghali, na kwa gari la barabarani ni anasa, lakini ndio pekee unaoondoa kabisa utegemezi wa bomba kwa mkao wa gari. Waendeshaji wa mashindano ya nyika, ambao magari yao huruka na kutua puani, wana haki ya kuufikiria kabla ya kufikiria kuongeza nguvu za farasi.

Kazi ikikamilika, injini haiwashwi papo hapo. Mifereji iliyosafishwa ni mitupu, na mizunguko ya kwanza bila oili huweza kuharibu beringi ambazo zimegharimu wiki nzima ya kazi. Kwa injini kama Cleveland, ambayo pampu yake huendeshwa kwa fito inayoshuka kutoka distributa, fundi huing'oa distributa, akaiingiza fito mbadala, na kuizungusha kwa keekee ya umeme. Wakati huo msaidizi huigeuza krenki polepole kwa spana. Keekee itakuwa nyepesi mwanzoni, halafu ghafla itakuwa nzito mkononi: oili imefika kwenye mfereji mkuu. Fundi huendelea kuzungusha, amefungua vifuniko vya vali, hadi oili itokeze juu ya vali ya mwisho ya kila upande.